Maabara, uuguzi, famasia au radiografia: usome kozi gani ya afya?

Ukimaliza sekondari na alama nzuri za baiolojia na kemia, na udaktari ama haukuvutii ama nafasi umeikosa, kwa kawaida unabaki na kozi nne za kuchagua: maabara ya tiba, uuguzi, famasia na radiografia, yaani kupiga picha za ndani ya mwili. Washauri hawakosekani. Mjomba atakwambia muuguzi hakosi kazi. Rafiki atasema soma famasia, utafungua duka la dawa. Mwingine atakusukuma maabara kwa hoja kwamba kule hakuna wagonjwa wa kukusumbua.

Kila ushauri una ukweli wake, lakini wote hao wanaruka jambo moja: utakuwa unafanya nini hasa mchana wa siku ya kawaida, ukiwa mwaka wa kumi kazini? Kozi ni ya miaka michache, kazi ni ya miaka thelathini. Kwa hiyo hapa nazilinganisha kozi hizi kwa kutazama kazi inayokungoja mbele ya kila moja. Mimi ni mtu wa maabara na naipenda kazi yangu, na ndiyo sababu nimekuwa mwangalifu zaidi ninapoeleza kazi za wenzangu.

Vigezo

Nitatumia vigezo sita kwa kozi zote: kazi yenyewe, ukaribu na mgonjwa, uzito wa kosa, masomo, usalama wa mwili wako, na ajira pamoja na nafasi ya kupanda. Mshahara sikuuweka. Hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, hata kati ya waajiri wawili wa mji mmoja, na jibu la jumla litakupotosha. Waulize wanaofanya kazi hiyo mahali unapotaka kuishi.

Kazi yenyewe

Mchukue mgonjwa mmoja. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anakohoa wiki ya tatu sasa, usiku analowa jasho, nguo zimeanza kumpwaya. Daktari anashuku kifua kikuu. Watu wa kozi zote nne watamhudumia.

*Radiografia.* Mpigapicha wa mionzi anakaa naye dakika chache. Anathibitisha jina, anamuuliza kama ana mimba, anamwomba avue mkufu. Anamsimamisha kifua kikigusa kibao, mabega ayasukume mbele ili mifupa yake isifunike mapafu, kisha avute pumzi na kuizuia. Picha inatoka papo hapo. Kama ametikisika au hakuvuta pumzi ya kutosha, picha inarudiwa, na kila kurudia ni mionzi zaidi mwilini mwake. Ustadi wa kazi hii uko hapo: picha inayosomeka, mara ya kwanza, kwa mionzi kidogo iwezekanavyo. Kuisoma picha na kuandika ripoti kwa kawaida ni kazi ya daktari wa radiolojia, ingawa ziko nchi ambako wapigapicha wenye mafunzo ya ziada huruhusiwa kufanya sehemu ya kazi hiyo. Siku nyingine utakuwa kwenye CT-skani, MRI au ultrasaundi, au utasukuma mashine ya eksirei hadi wodini kwa mgonjwa asiyeweza kuamka.

*Maabara.* Sisi mgonjwa huyu tunampokea akiwa kopo la makohozi lenye jina na namba. Jambo la kwanza ni kutazama kilichomo, maana mara nyingi huja mate matupu, na mate hayatakwambia habari za mapafu. Makohozi yakiwa sawa, njia ziko kadhaa. Ya zamani ni rangi ya Ziehl-Neelsen. Unapaka makohozi kwenye kioo, unayakausha, unamwaga rangi nyekundu na kuipasha moto mpaka mvuke utoke bila kuchemka, unaosha kwa asidi, kisha unaweka rangi ya bluu. Asidi huondoa wekundu kwa karibu kila kitu isipokuwa bakteria wa jamii hiyo, kwa kuwa ukuta wao una nta. Chini ya lenzi ya 100 yenye tone la mafuta unawaona: vijiti vyembamba vyekundu vimetawanyika kwenye bluu. Ni bakteria walewale ambao Robert Koch alitangaza kuwagundua mwaka 1882.

Njia mpya ni mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Inatafuta vinasaba vya bakteria na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, pamoja na kusema kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Na ipo njia ya kuotesha, inayoweza kuchukua wiki sita hadi nane, lakini ndiyo inayokuwezesha kujaribu dawa nyingi dhidi ya bakteria wenyewe.

Hiyo ni meza moja tu. Ya pili ni ya hematolojia, kwa ajili ya chembe za damu. Ya tatu ni ya kemia: figo, ini, sukari, madini. Ipo mikrobiolojia ya mkojo, usaha na damu, ipo parasitolojia, na ipo benki ya damu. Mwanafunzi huzungukia zote, na huko ndiko wengi hugundua wanachokipenda. Asiyeweza kutulia dakika kumi kwenye kioo kimoja atateseka. Ukisoma tone nene la damu kutafuta malaria, huruhusiwi kuandika kwamba hukuona vimelea mpaka upitie angalau sehemu 100 za kioo, hata kama ni kioo cha thelathini siku hiyo na vyote vilivyotangulia havikuwa na kitu.

*Famasia.* Majibu yakionyesha kifua kikuu cha kawaida, tiba iliyozoeleka ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mfamasia anahakikisha dozi inaendana na uzito wa mgonjwa, kisha anamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Swali hili linabeba mengi. Rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na mwanamke asipoambiwa anaweza kupata mimba akidhani yuko salama. Pia hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyejua hilo huingiwa na hofu na kuacha dawa siku ya tatu, na dakika mbili za maelezo zingetosha kumzuia. Nyuma ya kaunta kuna upande wasiouona wengi: kuagiza kabla stoo haijakauka, kutoa kwanza dawa zinazokaribia kwisha muda, kulinda chanjo nyingi zisitoke kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi.

*Uuguzi.* Akilazwa, muuguzi ndiye anayekaa naye. Anafungua madirisha, anampa barakoa, anampima joto na uzito, anahakikisha vidonge vimemezwa. Daktari hupita mara moja au mbili kwa siku. Muuguzi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona macho yameanza kuwa ya manjano, dalili kwamba ini limeelemewa na dawa. Ndiye pia atakayejibu ndugu wanaouliza kama wao nao wataugua. Hayo yote anayafanya akiwa na wagonjwa wengine kadhaa, kila mmoja na saa yake ya dawa, na saa yoyote mmoja wao anaweza kubadilika.

Ukaribu na mgonjwa

Hapa tofauti ni wazi. Muuguzi anaishi na mgonjwa: anamwogesha, anamgeuza, anamshika mkono, na mara nyingine anamfumba macho. Mfamasia na mpigapicha humwona kwa muda mfupi. Mtu wa maabara anaweza kumaliza wiki bila kumwona mgonjwa yeyote, isipokuwa kama ni zamu yake ya kuchukua sampuli za damu. Desturi za hospitali zinatofautiana. Kwingine damu huchukuliwa na wauguzi, kwingine na watu wa maabara.

Usichague maabara kwa sababu ya kuwakimbia watu. Simu za wodini hazikomi, daktari anataka majibu, mgonjwa yuko mezani anasubiri damu. Utazungumza na watu wenye haraka na wenye hofu, na itakubidi umwambie daktari mwandamizi kwamba sampuli aliyoleta haifai na inatakiwa nyingine.

Uzito wa kosa

Kila moja ya kazi hizi inaweza kumwua mtu. Kinachotofautiana ni jinsi kosa linavyojitokeza, na nani yuko karibu wa kuligundua.

Kosa la muuguzi mara nyingi huonekana haraka, kwa sababu mgonjwa yuko mbele yake. Ndiyo maana hufundishwa tangu mwanzo kuhakiki mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ni yule, dawa ni ile, kipimo ni kile, njia ni ile, na wakati ni ule. Yeye ndiye kizuizi cha mwisho. Damu ikipita mkononi mwake bila kuhakikiwa, hakuna mwingine baada yake, na hukaa na mgonjwa dakika 15 za kwanza za kuongezewa damu kwa kuwa madhara makali mara nyingi huanza mapema. Kwa mfamasia, hatari imo kwenye nukta ya desimali na kwenye majina ya dawa yanayofanana. Kwa mpigapicha ni alama ya kulia au kushoto iliyowekwa upande usio wake.

Kosa la maabara limefichika, na hili nataka ulielewe vizuri kabla hujajaza fomu. Tukitoa namba isiyo sahihi, haina sura ya kosa. Inatoka imechapishwa vizuri, na daktari anaiamini.

Mfano mmoja. Yanakuja majibu ya madini: potasiamu iko juu mno, kiwango ambacho moyo ungekuwa umeshasimama, na kalsiamu imeshuka karibu na sifuri. Asiyejua atapiga simu wodini kutangaza dharura, na mgonjwa ataanza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Anayejua atasimama na kuutazama mrija. Mirija yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa inayozuia damu kuganda, na mara nyingi ni chumvi ya potasiamu. Inazuia kuganda kwa kuikamata kalsiamu. Kwa hiyo namba hizo mbili zikija pamoja namna hiyo, jambo la kushuku kwanza ni kwamba mtu alijaza mrija wa zambarau, kisha akamimina damu kidogo kwenye mrija wa kemia. Mgonjwa ni mzima. Mashine haikukosea, imepima kilichokuwemo. Aliyezuia madhara ni mtu aliyesoma, akakataa kutoa majibu, akaomba sampuli mpya.

Makosa mengi ya vipimo huanzia huko nje, kabla sampuli haijafika kwenye mashine: jina la mwingine, mrija usio wake, damu iliyotikiswa mpaka chembe zikapasuka, sampuli iliyokaa juani. Ndiyo maana karibu kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mgonjwa wa kwanza, tunapima sampuli za udhibiti ambazo majibu yake yanajulikana, na zikitoka nje ya mipaka hakuna kinachoendelea mpaka sababu ipatikane. Na ndiyo maana benki ya damu ina taratibu zinazoonekana za kuchosha. Tangu Karl Landsteiner aeleze makundi ya damu mwaka 1901, sababu ya mgonjwa kupewa damu ya kundi lisilo lake mara nyingi si kukosekana kwa elimu. Ni mtu aliyeruka hatua.

Kama wewe ni wa kusema "itakuwa sawa tu", kazi hii itakuwa hatari mikononi mwako. Kama unarudi kuhakikisha mlango umefungwa hata baada ya kuufunga, tabia hiyo huku ina thamani kubwa.

Masomo

Mwanzo wa kozi zote unafanana: anatomia, fiziolojia, maadili, kinga dhidi ya maambukizi. Baada ya hapo njia zinaachana.

Maabara inaingia kwenye kemia ya mwili, vimelea, kinga ya mwili, damu na siku hizi vinasaba. Hesabu zipo, ila ni za kuzimua, uwiano na takwimu za udhibiti wa ubora. Aliyeelewa hesabu za sekondari hatashindwa. Famasia ndiyo yenye kemia ya kina zaidi, na ina mambo mengi ya kukariri. Radiografia inahitaji fizikia. Kama uliikimbia shuleni, itakusubiri huko. Uuguzi unachanganya sayansi na saikolojia na malezi, na sehemu kubwa ya muda wake ni wodini, ambako unajifunza ukiwa umesimama.

Ngazi ni cheti, stashahada na shahada, na kila nchi ina vyeo vyake kwa kila ngazi. Jambo la kukagua ni mpaka wa ngazi hiyo: unaruhusiwa kufanya nini peke yako, na nini kwa usimamizi? Wapo wanaomaliza ngazi ya chini na kukuta hawaruhusiwi kusaini majibu.

Neno kwa wanaosoma maabara kama njia ya mkato kuelekea udaktari. Wapo waliofika kwa njia hiyo, lakini si mlango unaofunguka wenyewe, na masharti ya vyuo hayafanani. Uliza chuo cha udaktari unachokilenga, kisha usikilize jibu lao. Ukisoma miaka mitatu ukiwa unaitazama maabara kama kituo cha basi, hutajifunza kazi, na wagonjwa watapokea majibu ya mtu ambaye akili yake iko kwingine.

Pima pia uwezo wa macho yako kuona rangi kabla ya kujiunga. Upofu wa rangi haukuzuii kila mahali, ila vioo vingi tunavyosoma hutegemea kutofautisha nyekundu, bluu na zambarau, na ni afadhali ulijue sasa kuliko mwaka wa pili.

Mwili wako

Sindano ni hatari ya wauguzi na watu wa maabara. Aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa takriban 0.3% wa kuambukizwa, na dawa za kinga huupunguza zaidi zikianzwa mapema, kabla saa 72 hazijapita. Homa ya ini aina B huambukiza kwa urahisi zaidi, lakini ina chanjo. Hakikisha umeipata kabla ya mafunzo kwa vitendo kuanza. Maabara inaongeza kemikali na vimelea vinavyoruka hewani, ndiyo sababu makohozi hufunguliwa ndani ya kabati la usalama. Mgongo na shingo navyo huchoka kwa kuinamia hadubini.

Muuguzi anabeba mzigo mzito kuliko sisi sote: kunyanyua wagonjwa, zamu za usiku, na huzuni ya kuwapoteza watu aliowazoea. Mpigapicha naye hunyanyua wagonjwa. Mionzi inaogopwa kupita kiasi. Viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha wastani wa milisiverti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kwa mfanyakazi, kila mmoja huvaa kifaa cha kupima alichopokea, na ukuta, umbali na aproni yenye madini ya risasi hufanya kazi yake vikitumika. MRI na ultrasaundi hazitumii mionzi ya aina hiyo kabisa. Mfamasia ana mazingira tulivu zaidi kwa mwili, isipokuwa kusimama kutwa na, kwa wanaochanganya dawa za saratani, tahadhari ya sumu yake.

Ajira na kupanda

Kwa wingi wa nafasi, uuguzi uko mbele. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi wapatao milioni 27.9 duniani na upungufu wa milioni 5.9. Zahanati ndogo kuliko zote inahitaji muuguzi, na ni taaluma inayovuka mipaka ya nchi kuliko nyingi, ingawa utahitaji mitihani na leseni za huko uendako. Kupanda kuna njia nyingi: ukunga, chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, afya ya akili, ualimu.

Famasia ndiyo inayokupa nafasi nzuri zaidi ya kujiajiri, ukiwa na mtaji na leseni. Kuna pia viwanda, mamlaka za dawa na ugavi. Radiografia ina waombaji wachache, lakini nayo hufuata mashine. Pasipo na vifaa hakuna kazi, na vifaa vikubwa viko kwenye hospitali kubwa. Anayependa kuishi mahali padogo afikirie hilo. Upande wake mzuri ni kwamba ukishajifunza MRI au tiba ya saratani kwa mionzi, waajiri ndio wanaokutafuta.

Maabara ipo katikati. Karibu kila hospitali inayo, na nje ya hospitali kuna vituo vya damu salama, utafiti, maabara za afya ya jamii, kampuni za vifaa na vitendanishi (kemikali za kupimia), na kazi ya ubora kwa kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Kufungua maabara yako mwenyewe kunawezekana ila gharama za mashine na vitendanishi ni nzito. Na lazima niseme wazi: ni taaluma isiyoonekana. Mgonjwa akipona atamshukuru daktari na muuguzi. Jina lako hatalijua. Kama shukrani ya uso kwa uso ndiyo inayokupa nguvu ya kuamka kesho, fikiria uuguzi kwa uzito.

Vijana wengi wananiuliza kama mashine zitatuondoa. Baadhi ya vipimo vimeshaondoka maabara. Sukari hupimwa kitandani, na kipimo cha haraka cha malaria hufanywa na mhudumu yeyote aliyefundishwa. Mashine zinahesabu chembe za damu kwa kasi ambayo hakuna jicho litaifikia. Lakini mashine hiyohiyo ikikutana na chembe isiyoielewa huweka alama ya tahadhari, na hapo mtu anatengeneza kioo na kutazama. Kazi ya kurudiarudia inapungua. Kazi ya kuamua kama jibu linaaminika inaongezeka. Radiografia na famasia zinapitia mabadiliko ya namna hiyo. Uuguzi utaguswa kidogo kuliko zote, kwa kuwa hakuna mashine ya kumtuliza mtu saa tisa usiku.

Kabla ya kulipa ada

Kwanza, chuo kiwe kimesajiliwa na baraza la taaluma husika, na si wizara ya elimu pekee. Bila hilo unaweza kuhitimu ukakosa leseni. Hakiki kwenye baraza lenyewe, usitegemee tangazo la chuo. Pili, tembelea. Kwa maabara, hesabu hadubini na uulize wanafunzi wangapi hutumia moja. Fungua friji uone kama vitendanishi vimo na havijapita muda. Kwa uuguzi, uliza ni hospitali gani zinawapokea wanafunzi na wanakaa huko wiki ngapi. Kwa radiografia, je, chuo kina makubaliano na hospitali yenye CT na MRI zinazofanya kazi? Tatu, kozi ya mtandaoni inaweza kukufundisha nadharia, lakini hakuna anayejifunza kupaka kioo kwa kutazama video. Ikikuahidi cheti cha maabara bila kugusa sampuli, iache.

Kwa hali yako

*Unahitaji kipato mapema na ada ni ndogo.* Tazama stashahada ya uuguzi au ya maabara, ukipima ipi ina nafasi zaidi mahali unapoishi. Hakikisha mapema kwamba stashahada hiyo inakubalika kuendelea na shahada baadaye ukiwa kazini.

*Unapenda watu, na ukimya unakuchosha.* Uuguzi. Famasia ya dukani au ya hospitali ni ya pili, hasa kama usiku wodini ni mzigo usiouweza kwa sababu ya familia.

*Unapenda kujua sababu, na una subira.* Maabara. Omba kwanza kukaa siku mbili kwenye maabara ya hospitali, moja wapo iwe siku ya shughuli nyingi. Ukitoka unataka kujua yule wa kioo cha mwisho alikutwa na nini, jaza fomu.

*Fizikia ndiyo somo lako, na unapenda vifaa.* Radiografia, ukiwa tayari kuishi palipo na hospitali kubwa.

*Ndoto yako ni biashara yako mwenyewe.* Famasia ina njia fupi zaidi, lakini soma sheria za umiliki wa duka la dawa za nchi yako kabla ya kuchagua kozi. Kwingine si lazima mmiliki awe mfamasia, na hapo unaweza kusoma kitu kingine.

*Damu inakuzimisha.* Usikate tamaa haraka. Wengi huzoea ndani ya wiki chache za mafunzo kwa vitendo. Ila kama miezi inapita na bado unaanguka, famasia itakufaa zaidi kuliko maabara au uuguzi.

*Umeshaanza moja na moyo uko kwenye nyingine.* Kama ni mwaka wa kwanza, ulizia kuhamisha masomo, maana mengi bado yanafanana. Kama umebakiza mwaka mmoja, maliza, pata leseni, fanya kazi kidogo, kisha urudi darasani ukiwa na mshahara. Muuguzi aliyewahi kukaa maabara hujua kwa nini damu isimiminwe kutoka mrija mmoja kwenda mwingine, na wodi yoyote itafurahi kuwa naye.